Muulize Fundi: Vitu vyeupe vinaelea bwawani, nimwage maji tena?

SWALI: Fundi assalamu alaykum. Mie naangalia nyumba ya mgeni hapa Jambiani, mwenyewe yuko Italia huja msimu tu. Tangu masika bwawa linatoa vitu vyeupe vyepesi vinaelea kama tui lililokatika, ukivishika vinateleza vinameguka, na nyuma ya ngazi kuna utando wa pinki. Nishamwaga maji yote nikasugua nikajaza upya kwa boza, hata mwezi haukwisha vimerudi vile vile. Boza lenyewe ghali, na tajiri anaona kama sifanyi kazi. Bwawa ni mita 8 kwa 4, kina kwa wastani mita moja na robo. Nimwage tena?
Mwangalizi, Jambiani

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Usimwage hata ndoo, maji ya kujaza bwawa hapo kijijini si ya kuchezea.

Kwanza hakikisha. Chota kipande kimoja utie kwenye gilasi, umiminie siki. Kikitoa povu kikayayuka hiyo ni chokaa, maana maji ya visima vya upande wenu wa mawe ya matumbawe ni magumu. Kikibaki kinateleza tu basi ni ukungu wa maji, yaani kuvu wanaoota majini, na kwa ulivyoeleza, pamoja na huo utando wa pinki ambao ni bakteria wanaopenda kuishi nao, mie nasema ni ukungu.

Sasa sababu ya kurudi: ukungu haukai kwenye maji, unakaa ndani ya mabomba, kwenye mchanga wa filta, nyuma ya taa, kwenye koo la skima, lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu na majani. Wewe umemwaga maji, ukungu wenyewe umebaki mle ndani na unyevu wake, ukajaza, pampu ikawaka, ukungu ukatoka tena. Na ulipata nafasi masika kwa sababu mvua inazimua klorini, majani yanaingia, umeme ukikatika pampu inalala, na wageni hawapo kwa hiyo hakuna anayepima.

Kabla hujagusa kitu muulize tajiri dawa gani anatumia. Wako wanaotumia dawa isiyo ya klorini, na ile ukiichanganya na klorini inagandamana bwawa zima linachafuka, kwa hiyo kama ndiyo hiyo simama uniandikie tena.

Kama ni klorini, shusha pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, ifike 7.2, halafu sugua kila mahali, ngazi ifungue, kifuniko cha taa kifungue, kikapu cha skima, brashi zenyewe na mpira wa kuvutia uchafu vitumbukize humo humo bwawani vipate dawa. Bwawa lako ni kama lita 40,000, klorini ya unga ya 65% unahitaji kama kilo moja na robo kufikisha miligramu 20 kwa lita. Tia jioni jua likishazama, maana jua linaila klorini. Na tafadhali sana, jaza ndoo maji kwanza ndipo utie unga kidogo kidogo, usimwagie unga maji, na usiuchanganye na vidonge vya klorini hata kwa kijiko kimoja, vinaweza kuwaka moto.

Pampu izunguke kutwa kucha. Maji yatakuwa meupe, usihofu. Kesho yake rudisha maji nyuma kwenye filta, yaani yapite kinyume yaoshe mchanga, mpaka yatoke safi, sugua tena, na maji hayo ya filta usiyaelekeze upande wa kisima, mawe yetu yana matundu yanapitisha kila kitu. Mchanga ukiwa wa zamani umeshikana mabonge, badilisha.

Kujua kama umemaliza: pima usiku, pima tena alfajiri kabla ya jua. Klorini ikiwa nyingi kipimo kinapauka kikakudanganya hamna kitu, basi changanya kikombe kimoja cha bwawa na vinne vya maji safi yasiyo na klorini, jibu lizidishe mara 5. Ikishuka zaidi ya miligramu moja usiku mmoja bado ukungu umo, ongeza dawa uendelee. Asiogelee mtu mpaka irudi chini ya 4, na baada ya hapo usiiache kushuka chini ya 1 hata kama nyumba ni tupu.

SWALI: Watoto wangu waliogelea kwenye maji ya aina hiyo, wataumwa?
Mama wa watoto wawili, Mbweni

JIBU: Dada yangu, ukungu wenyewe kwa kawaida haudhuru, lakini ukiuona ujue klorini ilikuwa chini, kwa hiyo vijidudu vya kuharisha na vya masikio navyo vinaweza kuwemo. Mtoto akiumwa sikio au akiharisha mpeleke hospitali na uwaambie aliogelea. Kitu kingine kinachonitia hofu zaidi ni maji kuchafuka mpaka usione chini: kama hulioni tundu la kutolea maji pale kwenye kina kirefu, asiingie mtoto yeyote, maana akizama hamtamuona.