Jifunze Pesimeka Mkono Ukiwa Kwenye Mshipa

Usiku ule monita ilionyesha mapigo 70 kwa dakika. Mgonjwa wangu alikuwa na waya wa muda wa pesimeka, mashine inayoupigisha moyo kwa umeme, na vistari vyembamba vya umeme huo vilisimama kwenye skrini kwa mpangilio mzuri. Nikaandika 70. Dada mmoja niliyekuwa naye zamu, mzoefu kuliko mimi, alimwona mgonjwa anatoka jasho. Akamshika kifundo cha mkono, akahesabu dakika nzima kimya, kisha akaniambia, "Mshipa huu unapiga 34." Monita ilikuwa inahesabu vistari vya mashine, moyo wenyewe ulikuwa hauitikii. Kiungio cha waya kilikuwa kimelegea. Tulipokikaza, mapigo yakarudi hata kabla daktari hajafika.

Tangu siku hiyo nikaamua kujifundisha mwenyewe bila kungoja semina.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na herufi zinazotaja namna mashine inavyofanya kazi: VVI, DDD na ndugu zake. Nilizikariri na bado sikuelewa kitu. Anza na maswali mawili tu. Moyo unaitikia? Kila kistari kifuatwe na wimbi pana la QRS, yaani alama ya umeme wa vyumba vya chini vya moyo, na kila wimbi lifuatwe na pigo unalolihisi kwa vidole. Mashine inausikia moyo? Moyo ukipiga wenyewe, mashine inapaswa kunyamaza. Ukiona vistari vinaangukia popote, hata juu ya mawimbi ya asili, haisikii. Ukishayashika hayo, herufi zinajieleza: ya kwanza chumba cha moyo kinachopigishwa, ya pili kinachosikilizwa, ya tatu mashine inafanya nini ikisikia.

Kama pesimeka inapitisha umeme kwa pedi zilizobandikwa kwenye ngozi ya kifua, usipime mapigo shingoni. Misuli inaruka na kukudanganya. Pima kwenye kinena.

Nilikusanya nakala za ECG, yaani michoro ya umeme wa moyo, nikakata majina ya wagonjwa, na kila wiki nilichora moja kwa mkono kwenye daftari. Kuchora kunakulazimisha kuona. Kisha nilimpelekea mwenzangu anibishie. Ukijisomea peke yako bila mtu wa kukupinga utakomaa na makosa yako. Omba pia boksi la pesimeka ya muda la akiba lisilotumika, ulishike, ubadilishe betri, uunganishe nyaya mpaka vidole vijue njia. Kuzungusha vitufe vya mgonjwa ni jambo jingine: usifanye hivyo kama hujaidhinishwa.

Wenye pesimeka ya kudumu, iliyowekwa chini ya ngozi, wana maswali yao na wanakuuliza wewe kabla ya daktari. Simu ikae umbali wa sentimita 15 hivi kutoka kwenye kifaa. Mkono wa upande wenye kifaa usiinuliwe juu ya bega kwa wiki kadhaa za mwanzo, lakini bega lisiachwe likakakamaa. Moyo ukisimama na ukahitaji kupiga shoti, pedi ziwe angalau sentimita 8 kutoka kwenye kifaa.

Na sikiliza malalamiko yanayoonekana madogo. Mgonjwa mmoja alikuwa na kwikwi isiyokoma siku moja baada ya kuwekewa kifaa, familia ikimpa maji. Nilikuwa nimeshasoma kwamba waya ukihama unaweza kuchokoza kiwambo cha kupumulia. Nikaweka mkono chini ya mbavu zake: palikuwa panaruka sawasawa na vistari vya monita. Nikampigia daktari pale pale.