Usiiuze 80D yako kwa sababu ya picha zenye ukungu, pima fokasi kwanza

Mkuu, hilo tangazo la kuuza unalosema utaliweka kesho, usiliweke. Nimesoma ulichoandika nikajiona mwenyewe: Canon 80D, lenzi ya 50mm f/1.8 STM (f ni uwazi wa lenzi, namba ikiwa ndogo uwazi ni mkubwa), picha za uso zina ukungu machoni, na kila anayepita anakuambia hamia fulu fremu (kamera yenye sensa kubwa zaidi), chukua Canon 6D Mark II. Ushauri huohuo niliufuata neno kwa neno. Bodi (kamera bila lenzi) ikauzwa, lenzi mbili zikauzwa, na ukungu ukahama na mimi kama kunguni kwenye godoro. Umeuliza uzuri na ubaya wa DSLR (kamera za vioo kama yako) za daraja la kati, nitafika huko nikijaliwa. Kwanza tumalizane na hili.

DSLR ina macho mawili, na huo ndio udhaifu wake ambao wapima kamera wa kwenye video hawautaji, wako bize wanahesabu megapikseli na kupiga picha ukuta wa matofali. Unapochungulia kwenye tundu, mwanga uliopita kwenye lenzi unagonga kioo kikubwa. Sehemu kubwa inapanda kwenye prizma hadi jichoni mwako. Kiasi kidogo kinapenya katikati ya kioo, kinakutana na kioo kingine kidogo kilichojificha nyuma yake, kinarushwa chini hadi kwenye sensa ya fokasi iliyo sakafuni mwa kamera. Hiyo ndiyo inayoiambia lenzi isimame wapi. Lakini picha inachukuliwa na sensa nyingine kabisa, baada ya vioo vyote kunyanyuka. Urefu wa njia hizo mbili lazima ulingane. Kioo kidogo kikikaa upande hata kwa unywele, au lenzi ikitoka kiwandani na tabia zake, kamera inalia "bip" kwa kujiamini kabisa huku fokasi iko kwenye ncha ya pua.

Sasa angalia hesabu. Kwa 50mm kwenye sensa ya 80D, ukisimama mita 1.5 kutoka kwa mtu na kufungua f/1.8, eneo lililo kali ni kama sentimita 6 kwa jumla, takriban 3 mbele na 3 nyuma. Fokasi ikikosea sentimita 4 tu, jicho limetoka. Ukifunga hadi f/5.6 unapata kama sentimita 19, na kosa lilelile linamezwa humo, hulioni. Ndiyo maana ile lenzi ya 18-135 uliyonunua pamoja na kamera, isiyofunguka kama 50mm, "haina shida". Shida huenda iko palepale, imefunikwa tu.

Na usiniambie kwamba kwenye tundu uliona jicho kali. Kioo cha ukungu cha kuchungulia kwenye kamera hizi kimetengenezwa kiwe king'avu, na matokeo yake hakionyeshi wembamba halisi wa fokasi ukivuka f/2.8 hivi kwenda chini. Kwa f/1.8 kinakuonyesha eneo pana kuliko litakalotokea kwenye picha. Jicho lako linadanganywa na kamera inadanganywa, mnakubaliana vizuri tu.

Kipimo hiki hapa. Kinachukua nusu saa na hakina gharama, labda ndiyo sababu hakuna muuzaji aliyewahi kukitaja.

Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, mchana, kwa mwanga wa dirishani. Usitumie balbu za rangi ya njano, mwanga wa namna hiyo unaweza kuisogeza fokasi ya sensa ya chini ukaishia kupima balbu badala ya lenzi. Bandika ukurasa wenye maandishi makubwa meusi kwenye boksi, ulitazame boksi uso kwa uso, umbali wa mita 1.5 hadi 2.5. Pembeni yake laza rula kwa mshazari wa digrii 45, katikati ya rula iwe umbali mmoja na ule ukurasa kutoka kwenye kamera. Fokasi ielekezwe kwenye ukurasa. Usiielekeze kwenye rula, kwa sababu eneo halisi linalosomwa na nukta ya fokasi ni kubwa kuliko kile kimraba unachokiona, kwa hiyo kwenye mshazari itadaka popote inapotaka.

Weka f/1.8, One Shot (fokasi inadaka mara moja na kutulia), nukta moja ya katikati, kasi ya shata 1/500 ya sekunde au zaidi, taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kitu. Kisha piga picha 10 kwa kutumia tundu. Kabla ya kila moja telezesha swichi ya lenzi hadi MF (fokasi ya mkono), zungusha pete hadi maandishi yapotee kabisa, rudisha AF (kamera ijifokasie), ndipo ubonyeze. Mara moja poteza kuelekea mbali, mara nyingine kuelekea karibu. Wengi wanaruka hatua hii, lenzi inabaki ilipokuwa, halafu wanashangilia kwamba picha zote zimefanana! Ukimaliza, washa laivu vyuu (kutazama kwa skrini ya nyuma badala ya tundu) na upige 3. Kwenye laivu vyuu 80D inafokasi kwa sensa ileile inayochukua picha, hakuna kioo, hakuna njia ya pili. Hizo 3 ndizo mizani yako.

Fungua zote kwenye kompyuta kwa asilimia 100.

Za laivu vyuu zikiwa kali na zile 10 zikiwa na ukungu wote wa upande mmoja, pumua: huo ni mpishano wa fokasi na unarekebishika ndani ya kamera. Za laivu vyuu nazo zikiwa na ukungu, hapo lenzi yenyewe ina jambo, iwe ukungu wa fangasi, kioo cha ndani kilichohama, au alama za vidole vyako (cheka, lakini futa kwanza). Zile 10 zikitawanyika, nyingine mbele, nyingine nyuma, nyingine sawa, hilo halirekebishwi kwa menyu. Ongeza mwanga, chagua kitu chenye mistari iliyo wazi, na likiendelea lenzi iende kwa fundi. Na kama kila lenzi uliyonayo inakosea kuelekea upande uleule, mshukiwa ni bodi, kioo kile kidogo kinahitaji kupangwa na fundi mwenye vifaa.

Marekebisho yako kwenye Custom Functions, kundi la Autofocus, kipengele kinaitwa AF Microadjustment. Chagua kurekebisha kwa lenzi moja moja. Ile ya kurekebisha zote kwa pamoja iache, utaponya 50mm na kuiua 18-135. Kipimo kinaanzia −20 hadi +20. Ukiona namba kali za rula ziko upande wa kwako, fokasi iko mbele, ongeza kuelekea +. Zikiwa nyuma ya ukurasa, punguza kuelekea −. Anza na hatua 5, piga upya picha kadhaa, kisha sogea kwa 2 hadi zilingane na zile za laivu vyuu. Zumu zinapewa namba mbili, W kwa upande mpana na T kwa upande wa kuvuta. Huwezi kuharibu kitu hapo, ukivuruga rudisha 0. Ukijikuta unahitaji +18 na bado, acha kulazimisha, ni kazi ya fundi.

Kipengele hiki, mkuu, ni moja ya sababu za kulipia daraja la kati. Canon 77D na 800D, zilizo chini ya 80D, hazina. Aliyeniita mtumiaji wa "kamera ya kujifunzia" hakujua hata kama kipo kwenye menyu, na nikamwamini kwa sababu alikuwa na begi kubwa.

Kuna kosa la pili linalofanana sana na hili, kwa hiyo lichuje kabla hujagusa menyu. Nukta 45 za 80D zimejikusanya katikati ya fremu. Watu wanafokasi jicho kwa nukta ya kati, kisha wanageuza kamera kupanga picha. Ukigeuza digrii 10 tu kwa umbali wa mita 1.5, fokasi inahamia nyuma ya jicho kwa sentimita 2 na ushee. Una 3 tu nyuma, kumbuka. Sogeza nukta kwa kitufe cha mishale hadi iliyo karibu zaidi na jicho, na ugeuze kidogo iwezekanavyo.

Sasa hiyo 6D Mark II unayoota. Ni DSLR vilevile: vioo viwili vilevile, sensa ya fokasi iko chini vilevile. Nukta ni 45 vilevile, ila kwenye fremu kubwa zaidi, kwa hiyo zimebanana katikati zaidi na utageuza kamera zaidi. Na ukitaka uso ujae fremu kama zamani kwa 50mm itabidi usogee karibu, fokasi inazidi kuwa nyembamba. Yaani unalipa ili tatizo likue. Shata yake inaishia 1/4000, ya kwako inafika 1/8000. Kwenye jua la utosi kwa ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) ya 100 na f/1.8 unahitaji karibu 1/8000, kwa hiyo ukiwa na 6D Mark II picha itaungua au utafunga lenzi. Picha kwa sekunde ni 6.5 dhidi ya 7 ulizonazo. Kadi ni moja kama sasa. Video ya kawaida inaishia 1080p kama sasa. Halafu lile ambalo hakuna aliyelitaja hadi pesa imetoka: 18-135 yako ni EF-S (lenzi za sensa ndogo kama ya 80D), haifungi kwenye 6D Mark II. Siyo kwamba inafanya kazi vibaya, haiingii mlangoni. Kwa haki yake, kwenye ISO za juu picha zake ni safi zaidi, hilo silikani. Lakini usafi wa ISO haurudishi jicho lililokosa fokasi.

Uzuri wa hii uliyonayo, haraka haraka: tundu linaonyesha asilimia 100 ya fremu, betri imekadiriwa picha 960, skrini inageuka na kuguswa, ina tundu la maiki na la hedifoni. Ubaya: kadi moja tu, haina 4K, na gramu 730 shingoni siku nzima utazisikia.

Wewe kafanye kipimo. Rudi na picha mbili, moja ya tundu na moja ya laivu vyuu, zikiwa zimekatwa kwa asilimia 100 na rula ionekane, na useme ulisimama umbali gani. Nikiona rula nitakuambia uanze + au −.