Programu haijizalishi, jamani

Msomaji mmoja anayesoma kompyuta chuo huko Morogoro kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Naandika ripoti kuhusu zile programu zinazojizalisha zenyewe ndani ya kompyuta. Hiyo fani niiite maisha bandia au uhai bandia? Na zikifutwa niseme zinakufa au wanakufa?"

Marahaba mwanangu. La kwanza jibu lake ni uhai bandia na wala halitumalizii siku. Maisha na uhai vyote asili yake Kiarabu, ila huku kwetu vimegawana kazi, uhai ni ile hali ya kuwa hai na maisha ni unachofanya na huo uhai mpaka siku unazikwa. Ndo maana kila mtu analalamikia gharama za maisha, gharama za uhai hakuna anayezilalamikia, labda aliyelazwa. Maisha bandia ni ya yule jamaa anayeazima gari la shemeji akapigie picha za Instagram. Mwanasayansi wa kompyuta Chris Langton alipowakusanya wenzake Los Alamos, Marekani, mwaka 1987 kwenye warsha ya kwanza ya fani hii, walichokuwa wanakitafuta ni kama kitu kisicho na nyama wala damu kinaweza kuwa hai. Huo ni uhai, tumemaliza.

Ila umenichokoza. "Zinazojizalisha zenyewe." Aisee.

Hili neno limenikaa kooni siku nyingi. Ukifungua habari yoyote ya kirusi cha kompyuta utaambiwa kirusi kinajizalisha, utasoma la virusi vya mafua vinajizalisha, sasa limehamia mpaka kwenye ripoti za vyuo na hakuna anayejiuliza anasema nini. Tuulizane. Anayezaa ni mama, anayezalisha ni mkunga. Mkunga hamzalishi mtoto, anamzalisha mama. Kwa hiyo programu inayojizalisha ni mzazi aliyefika leba akakuta nesi hayupo, akavaa glavu mwenyewe, akajiambia sukuma, akajikata kitovu mwenyewe! Nampa pole na hongera kwa pamoja. Lakini ona neno lilivyotuangusha: pamoja na jasho lote hilo bado halijatuambia mtoto kafanana na nani. Mtoto anaweza kuwa kamfuata baba. Na habari yote ya hizi programu ni kwamba kinachotoka ni kile kile kilichotoa.

Najua wapo mnaosubiri niweke nukta mniambie mbona kiwanda kinazalisha saruji na hakuna mkunga pale. Sawa, kinazalisha saruji, hakizalishi kiwanda. Kiwanda kinachotoa kiwanda kingine chenye uwezo wa kutoa kiwanda kingine ni jambo zito, na aliyelikalia chini ni John von Neumann, mwanahisabati Mhungaria aliyehamia Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940. Tatizo lilikuwa hivi: mashine ikitaka kuunda nyingine kama yenyewe lazima iwe na maelezo yake ndani, sasa na hayo maelezo nayo si ni sehemu ya mashine, kwa hiyo yanahitaji maelezo yao, na hayo mengine nayo yao, mtakesha. Von Neumann akasema hapana, maelezo ni yale yale, mnayatumia mara mbili. Mara ya kwanza mashine inayasoma na kuyatii, inaunda mwili mpya. Mara ya pili haisomi chochote, inayanakili tu yalivyo na kuyatia kwenye ule mwili. Na hayo aliyasema kabla wanasayansi Watson na Crick hawajaonyesha mwaka 1953 umbo la DNA, yale maelezo yaliyomo ndani ya viumbe, ambayo nayo husomwa na kunakiliwa vivyo hivyo!

Kama bado hujaamini chukua karatasi na kalamu, ufanye sentensi hii inavyokuamrisha:

Andika maneno yafuatayo mara mbili, mara ya pili uyatie ndani ya alama za usemi: "Andika maneno yafuatayo mara mbili, mara ya pili uyatie ndani ya alama za usemi:"

Umemaliza? Tazama ulichoandika. Ni sentensi ile ile, na mwenzako akiichukua karatasi yako na kutii, naye atatoa hiyo hiyo, mpaka wino uishe. Maneno yaliyo nje ya alama za usemi ndiyo ya kutii, yaliyo ndani ndiyo ya kunakili. Hiyo ndo siri yote. Waandishi wa programu wana mchezo huu huu, programu ikiendeshwa inatoa msimbo wake wenyewe neno kwa neno, na wameupa jina la mwanafalsafa Willard Quine. Sasa niambie kwenye hiyo karatasi yako mkunga alipita saa ngapi. Ukitoa kopi ya cheti steshenari kuna mtu anakupongeza kwa kupata mtoto?

Vitendo ni viwili basi, kuunda na kunakili, na vyote tunavyo toka zamani. Mashine ya von Neumann inajiunda na kujinakili, hapo tena ukiniwekea jizalisha kwa maana ya kiwandani nitaguna halafu nitapita. Programu ya kompyuta ambayo haina mwili wa kuunda, inajinakili, basi. Wanaopenda jirudufu nao sawa, wale tuliosoma enzi za mashine ya kurudufu mitihani neno hilo lina harufu yake.

Kuna sehemu moja tu ambapo mkunga naweza kumfungulia mlango. Mwaka 1990 Thomas Ray, mtu wa ikolojia aliyekuwa akifanya utafiti kwenye misitu ya Costa Rica, alitengeneza ndani ya kompyuta kitu alichokiita Tierra, yaani dunia kwa Kihispania. Akatia humo programu moja tu ya amri 80 ambayo kazi yake ni kujipima urefu, kuomba nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kujinakili huko amri moja moja, kisha kuachana na nakala. Makosa madogo madogo ya kunakili yaliruhusiwa, ndo nakala zikawa zinabadilika. Haukupita muda vikatokea vidudu, yaani programu nyingine, vya amri 45, vifupi kwa sababu sehemu ya kunakili havikuwa nayo kabisa! Vilikuwa vinaingia kwa jirani na kutumia amri zake za kunakili, jirani hana habari. Hicho sasa kimezalishwa, tena kwa mkunga wa watu na bila hata asante. Mwenye nyumba amri zake 80 anajinakili, mpangaji wa 45 anazalishwa, yaani jizalisha limekosa hata hapa lilipokuwa na bahati yake.

Zaliana nalikubali mkizungumzia kundi, vidudu vya Tierra vilizaliana vikajaza kumbukumbu, safi. Kimoja peke yake hakizaliani. Na aliyeniandikia juzi "kujizaliana" namwomba achague, ji- au -ana, vyote viwili ni uchoyo. Hiyo "zenyewe" yako nayo ji- ilishaibeba, ifute, ila ukitaka kusema hakuna mtu aliyeigusa iache, sina nguvu ya ugomvi huo.

Limebaki la zinakufa au wanakufa. Programu ni ya I-ZI, zinafutwa, sarufi haina huruma. Lakini kumbukumbu ya Tierra ilikuwa inajaa, na Ray akaweka humo kitu cha kuondoa programu zilizokaa sana pamoja na zinazokosea kosea, na hakukiita kifutio, alikipa jina la mtoa roho. Kiingereza chao wanamchora na mundu, sisi tunamjua kama Ziraili. Sasa anayefuatwa na Ziraili nimkatalie ngeli ya A-WA kwa uso upi? Andika wanakufa.