Kiwanja cha Chanika usikiuze

Hamisi mdogo wangu, nimeisikiliza sauti uliyonitumia. Unasema hapo Tandika wakala mmoja amewaambia Marekani inatafuta madereva 80,000, na unataka kuuza kiwanja cha Chanika uje uendeshe semi kama mimi.

Hiyo 80,000 ilitajwa kweli, mwaka 2021, na chama cha wenye kampuni za malori. Hao ni waajiri. Lakini mwaka 2019 wachumi wawili, Stephen Burks na Kristen Monaco, walichambua takwimu wakakuta soko la madereva linakwenda kama la kazi nyingine: malipo yakipanda, watu wanakuja. Kinachosumbua kampuni kubwa za safari ndefu ni kwamba madereva wanaingia na kutoka. Kwa nini wanatoka, mimi najua.

Tunalipwa kwa maili. Tairi lisipozunguka, hakuna hela. Wiki iliyopita nilifika kwenye ghala moja Memphis saa moja asubuhi, nikarudisha tela mlangoni, nikakaa naikodolea macho taa nyekundu ukutani, ile inayosema subiri. Ilikuja kuwa kijani saa saba mchana. Saa sita, bila senti. Na muda wa sheria ulikuwa unakatika kwenye kioo cha dashibodi: ukishaanza kazi una saa 14, ndani yake kuendesha mwisho 11, na kusubiri hakusimamishi hesabu. Foleni ya mpakani Tunduma inachosha, najua, lakini pale mnapika ugali pamoja ubavuni mwa tela. Huku siku tatu zinapita sijaongea na mtu zaidi ya salamu.

Wakati wa korona bei za mizigo zilipanda sana, kila mtu akataka lori lake. Mimi nikachukua la kulipia kidogo kidogo kwa kampuni moja, wakate kila wiki kwenye malipo yangu. Mwaka 2022 bei zikaporomoka huku dizeli ikipita dola 5 kwa galoni. Kuna wiki nilibakiwa na dola 112. Lori wakalichukua, na nilichokwishalipa kikaenda nalo. Ndiyo miezi ile niliyomwambia mama simu imeharibika.

Leseni yako ya daraja E huku haikuruhusu kuendesha semi, unaanza upya. Na tangu Juni 2025 dereva akikaguliwa barabarani akashindwa Kiingereza, anashushwa kwenye usukani.

Kuja sikukatazi. Ila huyo wakala akupe mkataba wa kazi wenyewe, unitumie nisome mstari kwa mstari kabla hujampa hata shilingi. Jumapili nitakuwa nimeegesha. Nipigie saa tatu usiku ya huko.