Mbuzi Wangu Walikufa, Mbona Aliyelipwa ni Jirani?

SWALI: Daktari, mimi ni mama mjane kutoka Turkana, karibu na Mto Turkwel. Ukame uliokwisha 2023 ulinimalizia mbuzi, wakabaki sita. Mizoga niliipiga picha kwa simu ya mwanangu, nikampelekea chifu. Jirani yangu alipoteza wachache kuniliko, lakini yeye alipata pesa za serikali na mimi sikupata hata ndururu. Nilikosea wapi?

JIBU: Pole sana, mama. Hukukosea. Pesa za ukame zinazofika kwetu hupitia hasa njia mbili, na zote mbili hupimwa kwa majani. Mizoga haihesabiwi. Huenda jirani yako alikuwa kwenye mojawapo ya njia hizo, nawe hukuwamo.

Ya kwanza ni HSNP, mpango wa serikali wa kuzipa pesa kaya maskini za maeneo kame, unaosimamiwa na NDMA, mamlaka ya kukabiliana na ukame. Kaya zilizo kwenye orodha ya kudumu zimekuwa zikipokea Sh5,400 kila baada ya miezi miwili kupitia benki. Setilaiti ikionyesha malisho yamekauka kupita kiasi, kaya nyingine zilizosajiliwa huongezwa kwa muda. Asiyekuwa kwenye usajili hafikiwi, hata boma likibaki tupu.

Ya pili ni bima. Mwaka 2015 serikali ilianza kuwalipia wafugaji wa Turkana na Wajir ada ya bima, kila kaya kwa mifugo sawa na ng'ombe watano, mbuzi kumi wakihesabiwa ng'ombe mmoja. Siku hizi mfugaji huchangia sehemu ya ada. Setilaiti hupima ukijani wa eneo zima. Ukishuka chini ya kiwango cha mkataba, wenye bima wote wa eneo hilo hulipwa kwa kipimo kimoja, aliyepoteza hamsini na asiyepoteza hata mmoja. Nia ni ununue nyasi na dawa mbuzi angali amesimama. Nimetibu mifugo iliyolala chini kwa njaa, na naunga mkono wazo hilo kwa moyo wote: akishalala, sindano yangu haimwinui.

Lakini kuna jambo linaloniuma. Kando ya mito kama Turkwel, mti wa mathenge hubaki kijani kiangazi chote kwa sababu mizizi yake hufika maji ya chini sana. Nimesimama kwenye kivuli chake kizito huku chini hakuna hata unyasi mmoja, mbuzi wakilamba vumbi. Setilaiti huweza kuhesabu kijani hicho kama malisho. Wanaochora mipaka ya maeneo ya bima wawaulize wazee wa malisho kwanza. Wao wanajua nyasi ziko wapi na mathenge iko wapi.

Sasa, mama, nenda kwa chifu na kitambulisho, uulize kama umesajiliwa HSNP. Soma nambari ya kitambulisho iliyoandikwa kwenye usajili, tarakimu moja moja, na uhakikishe ni yako. Bima kwa kawaida huuzwa kabla ya mvua, Januari na Februari, kisha Agosti na Septemba. Kabla ya kutoa pesa, muulize wakala boma lako liko eneo gani, mbuzi sita watakulipa kiasi gani, na malipo yatapitia simu ya nani. Jina lisipopatikana kwa chifu, peleka malalamiko ofisi ya NDMA pale Lodwar, na usiondoke kabla hayajaandikwa ukapewa nambari yake.