Sanduku la Mama, TV ya Kichogo na Makopo Uani

Safari hii barua nyingi zinalia na jambo moja: nyumba imejaa, na moyo unakataa kutoa. Nimechagua tano.

Shikamoo mama. Mama yangu mzazi alifariki mwaka juzi. Sanduku lake la khanga liko chumbani kwangu, na kila nikitaka kulifungua machozi yananitoka. Wadogo zangu wanataka tugawane. Mimi naona kama tunamzika mara ya pili. – Binti, Tanga

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kwanza niulize jambo ambalo wengi hulisahau: mirathi imekwisha? Vitu vya marehemu ni vya warithi wote mpaka vigawanywe, hata khanga. Kama msimamizi wa mirathi bado hajamaliza kazi yake, sanduku lisiguswe, wala mtu asikulaumu kwa kulifunga.

Kama limekwisha hilo, wadogo zako wana haki. Umelitunza vizuri, lakini mama ni wenu wote. Waite siku moja mlifungue pamoja, mchana, madirisha yakiwa wazi. Khanga ni pamba. Ikikaa miaka sandukuni kwa joto na unyevu wa huko pwani, inapiga kawa, inaota madoa, na mwisho inachanika kwenye mikunjo. Hilo ndilo linaloniuma nikisoma barua kama yako: tunaficha vitu vya wapendwa wetu kwa mapenzi, vinaozea gizani bila mtu kuvigusa.

Doti mpya chagueni kwa zamu, na zamu ya pili aanze mdogo. Zilizovaliwa zikalainika msizidharau. Mtoto mchanga atakayezaliwa katika ukoo wenu hatapokelewa kwa kitambaa kizuri kuliko khanga ya bibi yake. Wewe chukua ile uliyozoea kumwona nayo jikoni, uivae. Na mkiwa mnagawana, kila mmoja aseme anachokumbuka: hii alipewa na nani, ile aliivaa harusi ya nani. Mmoja wenu aandike. Ukimwachia mtu khanga bila habari zake, mjukuu ataona kitambaa tu.

Kulia mtalia. Lieni.

Mume wangu hataki niondoe TV ya kichogo na friji mbovu. Stoo haipitiki. Kila mwaka anasema fundi anakuja. – Mama watatu, Mbagala

Dada yangu, usimwambie kwamba ni takataka. TV ile ilinunuliwa kwa jasho lake. Tena matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wengi waliziunganisha TV hizo na ving'amuzi wakaendelea kutazama, kwa hiyo haamini kwamba imekufa. Mwite fundi wewe, Jumamosi ambayo baba yupo, ataje gharama mbele yenu wote wawili. Ikilipa, itengenezwe mwezi huu. Isipolipa, muulizeni fundi huyohuyo kama ataichukua kwa ajili ya vipuri.

Friji haina muda wa kusubiri fundi: ng'oeni mlango leo. Watoto hucheza kujificha, na mtoto akijifungia ndani ya friji anakosa hewa. TV nayo msiipasue, kioo chake kina madini ya risasi. Wala msiwaruhusu vijana kuchoma nyaya uani ili wapate shaba. Moshi wake ni sumu kwa wote wanaouvuta.

Nina vyombo vya kitchen party, vimekaa kabatini tangu niolewe. Vya wageni. Nivigawe? – Dodoma

Usivigawe. Vitoe, mlie chakula leo usiku. Wanao wanastahili sahani nzuri kama mgeni yeyote.

Mama mkwe anaishi nasi. Anakusanya makopo, chupa na ndoo za rangi. Nikizitupa, anazirudisha asubuhi na kulia. – Mkwe, Tabata

Acha kutupa vitu vyake kwa siri, mwanangu. Kila unapofanya hivyo anajifunza kwamba humo ndani hakuna chake kilicho salama, na anazidi kukusanya. Mzee wa umri wake huenda anaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, watu walipopanga foleni ya sukari na sabuni. Wakati huo kopo lilikuwa chombo, na aliyelitupa alilijutia.

Lakini una haki ya kuogopa. Mbu wa homa ya dengue, anayeuma mchana, huzaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya makopo kama hayo. Dar es Salaam ilipata mlipuko mwaka 2014, na tena 2019. Mtengeeni sehemu moja yenye paa, vyombo vifudikizwe, na akubali kwamba vikizidi hapo ndipo vinapunguzwa, naye ndiye achague. Mazungumzo hayo ayafanye mumeo. Ni mama yake.

Ikiwa vitu vimefika kitandani na njiani, au tabia hii imeanza ghafla uzeeni pamoja na kusahausahau, mpelekeni hospitali. Kukusanya kupita kiasi ni ugonjwa unaotambuliwa, umo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Haponi kwa kufokewa.

Nina duka dogo, na makaratasi yamejaa masanduku matatu. Nichome yapi? – Kaka, Morogoro

Hati ya kiwanja, mikataba ya mauziano na vyeti vyote: hayo usiyaguse maisha. Kumbukumbu za biashara, sheria ya kodi inakutaka uzitunze miaka mitano. Risiti za mashine za EFD, zile za kielektroniki za kodi, zipige picha mapema, maana maandishi yake hufutika. Karatasi yenye namba ya akaunti au ya kitambulisho ichane vipande kabla ya kuitupa, la sivyo utakuja kuikuta imefungiwa karanga stendi.