Soma kisanduku cha aina ya likizo kabla hujatia sahihi

Nilipoanza kazi ya kutandika vitanda katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini ya Mombasa, sikujua kwamba livu zina majina. Nilijua kuna siku za kazi na siku za kukaa nyumbani, basi. Nikabeba mimba ya kwanza. Siku ya mwisho kabla ya kwenda kupumzika niliitwa mlangoni mwa ofisi nitie sahihi fomu. Nilikuwa na tumbo la miezi minane, miguu imevimba, na basi la wafanyakazi lilikuwa nje likipiga honi. Nikaiweka ile karatasi ukutani, nikatia sahihi, nikaondoka.

Mtoto alipofika miezi saba niliomba siku kumi niende Lamu kwenye harusi ya mdogo wangu. Nikaambiwa sina siku. Faili ikafunguliwa na fomu ikatolewa. Kile kisanduku cha "aina ya likizo", ambacho nilikiacha kitupu, kilikuwa kimejazwa: "Uzazi, pamoja na ya mwaka siku 21." Chini yake ilikuwa sahihi yangu, imepinda kidogo kwa sababu ya ukuta.

Mzee mmoja wa stoo, aliyekuwa mwakilishi wetu wa chama, ndiye aliyenisaidia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mwanangu, likizo ya uzazi haili likizo ya mwaka. Twende." Tukaenda. Akawasomea kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinachosema waziwazi kwamba mwanamke hapotezi likizo yake ya mwaka kwa sababu amechukua ya uzazi. Siku zangu zilirudishwa baada ya wiki tatu. Harusi ilikuwa imekwisha pita.

Tangu hapo nimehamia upande wa pili wa ile meza. Mwaka wa tisa huu nafanya kazi ya kutunza faili za wafanyakazi, na nawaandikia nyinyi mnaoanza, mkiwa hotelini Nyali na Bamburi, kwenye viwanda vya nguo Changamwe, maghala ya Shimanzi au bandarini Kilindini. Nililoliona kwa miaka yote hii ni kwamba mara chache mtu hunyimwa likizo kwa kuambiwa "hatukupi". Mara nyingi huondoka nayo, lakini kwa jina lisilo lake, na hasara huigundua miezi baadaye.

Anza na likizo ya mwaka, kwa sababu ndiyo inayochotwa kila pengine panapopungua. Ni siku zisizopungua 21 kwa mshahara kamili, baada ya kila miezi 12 ya kazi. Na ni siku 21 za kazi. Siku yako ya ofu, ile moja ya mapumziko ambayo sheria inakupa katika kila siku saba, haihesabiwi ndani yake. Nimeona fomu inayosema mtu ameanza tarehe mosi na kurudi tarehe 22, ofu zote zimemezwa humo. Hesabu kwa kidole kwenye kalenda kabla hujatia sahihi. Ukiacha kazi baada ya miezi miwili au zaidi lakini kabla mwaka haujatimia, bado unadai siku 1.75 kwa kila mwezi uliofanya.

Ugonjwa ni jambo jingine kabisa. Ukishatimiza miezi miwili mfululizo kazini, sheria inakupa angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha saba nyingine kwa nusu mshahara, ndani ya kila miezi 12. Hicho ndicho kiwango cha chini. Mahali penye mkataba wa chama cha wafanyakazi siku huwa nyingi zaidi, kwa hiyo uliza mwakilishi wako kabla hujaugua. Masharti ni mawili: ujulishe kazini mapema kadiri unavyoweza, na ulete cheti kilichotiwa sahihi na daktari anayetambulika au msimamizi wa zahanati. Cheti cha zahanati ya mtaani kwenu kinakubalika; si lazima upange foleni hospitali kuu ya Makadara kwa homa ya siku mbili. Lakini jihadhari na supavaiza mwenye roho nzuri anayekwambia, "Usijisumbue na cheti, dada, nitakukatia kwenye siku zako za mwaka." Anadhani anakusaidia. Mwezi wa Disemba ndipo utakapojua alikusaidiaje.

Kuhusu kuumia kazini nitakaa kidogo, kwa maana hapa ndipo nimeona watu wakipoteza zaidi. Kijana mmoja wa jikoni alimwagikiwa na mafuta ya moto mkononi, kuanzia kifundo hadi kiwiko. Faili yake iliandikwa "ugonjwa". Siku saba akalipwa kamili, saba nusu, kisha ikawa hapana kitu, na bendeji bado haijatoka. Ule haukuwa ugonjwa. Kuumia ukiwa kazini kuna sheria yake, Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini, nayo pia ya mwaka 2007, na gharama ya matibabu na malipo ya siku ulizoshindwa kufanya kazi hufuata sheria hiyo. Mwajiri akishajulishwa ana siku saba za kupeleka taarifa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Kwa hiyo neno lako la kwanza lina uzito mkubwa. Usiandike "naumwa mkono". Andika: "Leo saa nne asubuhi nikiwa jikoni nikikaanga, karai lilipinduka, nikaungua mkono wa kulia, fulani na fulani walikuwepo." Tuma kwa simu siku hiyohiyo, hata kama ni mkeo au dada yako ndiye anayeandika kwa niaba yako.

Uzazi ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, na sheria haikuweka idadi ya miezi unayopaswa kuwa umefanya kazi kwanza. Toa barua angalau siku saba kabla, na cheti cha daktari au mkunga kikihitajika. Ukirudi, unarudi kwenye kazi yako uliyoiacha, au nyingine inayokufaa kwa masharti yasiyo mabaya kuliko ya mwanzo. Tena ukirudi unanyonyesha, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri akutengee mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa, na muda wa kufanya hivyo usiozidi saa moja kwa jumla katika kila saa nane za kazi. Wasichana wengi niliowapokea hawakuwahi kulisikia hili. Walikuwa wakikamua chooni.

Akina baba, nyinyi mna wiki mbili, mshahara kamili. Wanaume wengi wa huku huona haya kuiomba, huchukua ofu mbili za kukusanya wakarudi, mke bado ana mshono. Ombeni. Ni yenu kama mshahara ulivyo wenu.

Na tangu 2021 kuna likizo ya mwezi mmoja, kwa mshahara kamili, kwa mwajiriwa anayekabidhiwa mtoto wa kuasili. Barua itangulie siku 14 kabla ya kumpokea mtoto, pamoja na hati za shirika la kuasili. Wanaoihitaji ni wachache, lakini maofisa wengi hawajaijua, kwa hiyo ukiwa mmojawapo nenda na kifungu mkononi: 29A cha Sheria ya Ajira.

Sasa niseme juu ya msiba. Sheria ya Ajira haina kifungu cha likizo ya msiba. Siku tatu au tano unazosikia watu wakipewa zinatoka kwenye mkataba, kwenye kitabu cha kanuni za kampuni au makubaliano na chama. Huku kwetu maiti ya Muislamu huzikwa upesi, mara nyingi siku hiyohiyo, na mtu hukimbia bila kuaga. Nakuelewa, nami nimekimbia hivyo. Lakini kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu halali ni kosa linaloweza kukufukuzisha kazi, na ujumbe mmoja kutoka ndani ya matatu unakulinda: "Baba amefariki leo alfajiri, naomba likizo ya msiba kuanzia leo." Ndugu yako akutumie, ukishindwa.

Kinachoniuma zaidi ni eda. Mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi, na hakuna kifungu cha sheria ya kazi ya Kenya kinachompa. Katika mji kama Mombasa, ambapo nusu ya wanawake tunaofanya nao kazi inaweza kuwafika kesho, naliona kama shimo kubwa. Mpaka lizibwe, ninachowaambia akina dada ni hiki: usiache kazi kwa kudhani huna njia. Chukua kwanza likizo yako ya mwaka iliyobaki, kisha omba kwa maandishi likizo bila malipo kwa muda uliobaki, ukitaja tarehe ya kurudi. Bi mmoja wa dobi nilimsaidia kuandika barua hiyo akiwa sebuleni kwake, sisi wawili na khanga zetu, siku ya nne baada ya mazishi. Meneja alikubali. Mwingine hakuomba, alinyamaza tu nyumbani kwa heshima ya mumewe, na aliporudi nafasi yake ilikuwa na mtu.

Hiyo likizo bila malipo, hata hivyo, iogope inapotoka upande wa pili. Hotelini, baada ya Pasaka mvua za masika zikishika na wageni wakipungua, mtaitwa kwa makundi mkapewa karatasi iliyoandikwa "Likizo" bila zaidi. Uliza papo hapo, kwa adabu: ni ya mwaka au bila malipo? Sheria ya Ajira haimpi mwajiri ruhusa ya kukupeleka nyumbani bila mshahara kwa amri yake peke yake. Hayo ni makubaliano ya pande mbili. Ikiwa una siku za mwaka ulizokwisha kuzichuma, omba zitumike kwanza. Na ukiona lazima ukubali, tarehe ya kurudi iandikwe.

Vibarua nao wasijitoe kwenye habari hii. Ukifanya kazi mfululizo siku zikafika jumla ya mwezi au zaidi, sheria inakugeuza kuwa mwajiriwa wa mwezi, na baada ya miezi miwili mfululizo unastahili masharti ya mwajiriwa wa kawaida, likizo ikiwemo. Tatizo huwa ushahidi. Weka daftari dogo la tarehe, na usifute jumbe za M-Pesa za malipo.

Kila fomu unayotia sahihi ipige picha kwa simu yako, kisanduku cha aina kikiwa kimejazwa na wewe mwenyewe. Barua peleka nakala mbili, moja ibaki kwako ikiwa na muhuri au sahihi ya aliyepokea na tarehe. Kuomba likizo unayostahili, au kwenda, si sababu halali ya kukufuta kazi. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kimelisema hilo, na mimba pia imo humo. Ukifutwa, au siku zako zikiliwa na mazungumzo yakashindikana, nenda ofisi ya leba, yaani ofisi ya kazi ya serikali, hapa Mombasa na picha hizo, karatasi zako za mshahara na mkataba. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi nayo inakaa hapahapa mjini. Dai la ajira lina miaka mitatu tu, lakini usiingoje ifike hata mmoja: mashahidi wako huhamia Malindi, Doha au Dubai, na simu yenye picha huanguka majini kwenye feri ya Likoni.